Mbegu Isikae Mkono Mmoja: Ushauri kwa Wakulima wa Bustani Maramba

Masika yakikaribia, wenye bustani hapa Maramba huelekea madukani kununua pakiti za mbegu: nyanya, kabichi, chainizi, karoti, pilipili hoho. Ni mboga nzuri na zina soko. Lakini ziko mboga nyingine ambazo ni nadra kuzikuta kwenye pakiti, na ukizikuta si zile ulizokulia. Mgagani wenye shina jekundu. Mnavu wa matunda meusi. Kibwando cha majani mapana, fiwi za kupandisha uani, nderema, mumunye refu la kupikwa na nazi, ngogwe zenye uchungu wake halisi. Mbegu za mboga hizi ziko mikononi mwa watu. Ziko kwenye kopo la bibi mmoja pale mtaani, au kwenye chupa iliyotundikwa jikoni kwa mzee fulani, na mara nyingi hakuna mwingine aliye nazo. Bibi akiugua au akihamia kwa mwanawe Tanga mjini, kopo linamwagwa uani na kuku wanamaliza kazi.

Ushauri wangu mkubwa, na mengine yote hapa chini yanaufuata huo, ni huu: kila mbegu adimu unayoitunza, hakikisha inaota pia katika bustani tatu ambazo si zako. Mvua ikiisomba ya kwako, mbuzi wakiila au fukusi wakiimaliza, utajua kwa kwenda kuiomba. Aliyegawa mbegu ana pa kuirudia. Aliyeificha, siku ikimpotea imepotea kwa wote.

Sisi tuna nini

Maramba imekaa mahali pa bahati. Nyuma yetu ni milima ya Usambara Mashariki yenye mvua na ubaridi, mbele ni nyika inayoshuka kuelekea bonde la Umba, na zaidi ya hapo ni pwani na mpaka wa Horohoro. Wasambaa, Wabondei, Wadigo na Wasegeju wameishi hapa kila mmoja na mboga zake, na kambi ya JKT nayo imeleta watu wa mikoa mingine na ladha za kwao. Watafiti wa kituo cha kimataifa cha mboga, World Vegetable Center, walipochunguza mboga za asili za Tanzania katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, walichagua wilaya nne: Arumeru, Kongwa, Singida na Muheza, enzi hizo Mkinga yetu ikiwa bado ndani ya Muheza. Utajiri tunao. Tunachokosa ni utaratibu wa kuutunza.

Tena mboga hizi zinatufaa kwa sababu zimezoea mvua zetu. Mgagani hukomaa upesi na huvumilia jua la nyika. Fiwi huendelea kuzaa masika yakishapita. Mchunga hurudi wenyewe kwenye mizizi yake kila mvua inyeshapo, na hakuna mtu wa huku asiyejua unavyokwenda na bada. Mtu mwenye vitalu viwili vitatu bondeni akichanganya hizi na nyanya zake za biashara, nyumba yake haikosi kitoweo hata mwezi ambao nyanya zimeshuka bei.

Chagua mmea wa mbegu kabla ya kuanza kuchuma

Tazama linalotokea katika bustani nyingi. Mama huchuma mchicha ulionawiri na kuupeleka sokoni. Ule uliodumaa na kukimbilia maua anauacha, na mwisho wa msimu ndio anaouvunia mbegu. Mwaka wa pili anapanda mbegu za mmea uliodumaa. Akifanya hivyo miaka kadhaa, atasema ardhi imechoka, kumbe amekuwa akichagua mchicha unaochanua mapema bila kujua.

Fanya kinyume chake. Mboga zikifika kimo cha kuchumwa, pita kitaluni ukifunga kitambaa chekundu kwenye mimea bora: yenye majani mapana, isiyoshambuliwa na wadudu, inayochelewa kuchanua. Hiyo ni ya mbegu. Mwambie kila mtu nyumbani, hasa watoto wanaotumwa kuchuma, kwamba chenye kitambaa hakiguswi. Kwa mchicha na mgagani, acha mimea isiyopungua ishirini ili mbegu zisitoke kwa mzazi mmoja au wawili. Kwa kunde, choroko, mnavu na ngogwe, mimea kumi inatosha. Mmea wenye majani yaliyojikunja au yenye mabaka ya njano na kijani usiuachie mbegu hata kama una matunda mengi, kwa sababu baadhi ya virusi, hasa vya kunde, hupita ndani ya mbegu na kumfikia jirani utakayempa.

Usivune mbegu kwenye mboga chotara kwa nia ya kuzigawa. Watoto wa chotara hawafanani na mzazi, na utampa mwenzio nyanya ya aina kumi ukidhani umempa aina moja.

Jua kinachochavushana na nini

Kunde, choroko, nyanya na mnavu hujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa. Ukitenganisha aina mbili kwa hatua chache, na katikati ukaweka tuta la mahindi, huna haja ya kuhangaika. Ngogwe na bamia hujichavusha pia, ila nyuki huzitembelea, kwa hiyo zipe nafasi kubwa zaidi au panda aina moja tu kwa msimu. Mchicha huchavushwa na upepo. Ng'oa mchicha pori ulioko jirani kabla haujachanua.

Familia ya maboga ndiyo yenye kazi. Boga, mumunye, tango na dodoki hutegemea nyuki na wadudu wengine, na wadudu hawajui mpaka wa shamba. Boga halichavushani na mumunye, kwa hiyo hayo mawili yakae pamoja bila wasiwasi. Hatari iko kwenye mumunye na kibuyu cha kuchotea maji, kwa maana hayo ni ya jamii moja kabisa. Kibuyu cha jirani kikichavusha mumunye lako, tunda la mwaka huu litakuwa tamu kama kawaida. Uchungu unajificha ndani ya mbegu, na utautambua mwaka ujao mezani. Uchungu huo ni sumu. Unatapisha na kuharisha, na kupika hakuuondoi. Kwa hiyo lishike hili daima: mumunye, boga au tango likiwa chungu isivyo kawaida, teme, mwaga chungu kizima, ng'oa mmea, wala usiweke mbegu yake.

Dawa ni kuchavusha kwa mkono, na mtu yeyote anaweza. Maua ya mumunye ni meupe na hufunguka jioni. Alasiri nenda kitaluni utafute machipukizi ya maua yaliyovimba ambayo yatafunguka siku hiyo. Ua la kike utalijua kwa kitunda kidogo chenye manyoya kilichokaa nyuma yake, na la kiume lina kikonyo kirefu kitupu. Yafunge yote mawili kwa uzi, usikaze sana, ili mdudu asiingie. Jua likizama, rudi. Chuma ua la kiume, lakini litoke kwenye mmea mwingine wa aina hiyohiyo. Ondoa petali zake ubaki na kile kichwa chenye unga wa njano. Fungua ua la kike, pakaza unga huo katikati yake taratibu, kisha lifunge tena kwa uzi na uweke kitambaa kwenye kikonyo. Kitunda kikianza kunenepa baada ya siku chache, umefaulu. Matunda mawili matatu ya namna hiyo yatakupa mbegu za kuwatosha majirani wengi. Kwa boga kazi ni hiyohiyo, ila maua yake hufunguka alfajiri: yafunge jioni, chavusha asubuhi kabla nyuki hawajaamka.

Kuvuna na kusafisha

Mboga zenye maganda makavu zivunwe kwa wakati wake. Mgagani hauna subira, vitumba vyake vikikauka hupasuka na mbegu zote kumwagika. Kata vinapoanza kugeuka njano, tandaza juu ya turubai kivulini, vimalizie kukauka hapo. Kibwando na bamia viache mpaka vitumba viwe vya kahawia. Mchicha ukung'utie ungoni, na mbegu zikianguka kwa wingi ujue ziko tayari, kisha pepeta.

Ngogwe, mnavu na nyanya zina mbegu zilizozungukwa na majimaji yanayozuia kuota. Subiri tunda liive hadi mwisho. Ngogwe iwe nyekundu na kuanza kulainika, si ile ya kijani au nyeupe tunayopeleka sokoni. Liponde ndani ya bakuli, ongeza maji kidogo, funika kwa kitambaa, liache siku mbili. Povu likijitokeza juu, jaza maji ukoroge. Mbegu nzuri hutua chini, mapepe na nyama za tunda huelea. Mimina vinavyoelea, rudia mpaka maji yawe meupe, kisha tandaza mbegu kwenye sahani. Usizitandaze kwenye karatasi, zitaganda.

Boga au mumunye liache shambani mpaka ganda liwe gumu na kikonyo kikauke. Baada ya kuvuna, liweke ndani wiki mbili au tatu kabla ya kulipasua. Mbegu huendelea kukomaa muda huo wote.

Kukausha ndiko kunakotushinda pwani

Hewa yetu ina unyevu, na unyevu ndio unaoua mbegu. Wataalamu wana kanuni ya siku nyingi: kila asilimia moja ya unyevu unayoipunguza ndani ya mbegu, maisha yake ghalani huongezeka maradufu, na kila nyuzijoto 5 unazozipunguza mahali pa kuhifadhia, vivyo hivyo. Ubaridi hatuna wa kutosha, basi tukazane na ukavu. Msimu wa kaskazi, Januari na Februari, ndio wa kukausha kwa uhakika. Mbegu ulizovuna baada ya vuli zikaushe wakati huo, na zile za masika zirudishe nje tena kaskazi ikiingia. Zikaushe kivulini penye upepo. Bati la jua kali linazichoma.

Kupima ukavu, chukua chupa ya kioo iliyo kavu, weka chumvi kavu kabisa kiasi cha robo, ongeza mbegu kiasi hichohicho, funika na utikise, kisha iache kwa dakika kumi. Chumvi ikinata kwenye kioo, mbegu bado zina maji. Ikianguka yote chini, ziko tayari kuhifadhiwa. Punje ya kunde unaweza kuipima kwa meno: ikivunjika kwa mlio imekauka, ikibonyea bado.

Hifadhi kwenye chupa au kopo lenye kifuniko kinachobana, mahali penye giza na pasipo joto. Mbegu iliyotundikwa juu ya moshi haishambuliwi sana na wadudu, lakini joto la karibu na moto huiua. Adui mkubwa wa kunde na fiwi ni fukusi, naye hutaga mayai tangu shambani. Changanya punje na majivu makavu yaliyochekechwa, ya kutosha kujaza nafasi zote kati ya punje, na ujaze chombo mpaka juu ili hewa isibaki.

Kabla ya kumpa mtu mbegu, ijaribu. Hesabu punje 20, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, zikague kwa wiki moja. Zikiota 16 au zaidi, gawa kwa moyo mweupe. Zikiota 10, mwambie mwenzio apande mara mbili. Chini ya hapo, zipande mwenyewe mapema uokoe kilichobaki. Lakini mgagani una tabia yake: mbegu mpya hulala, na huota vizuri zaidi zikishakaa miezi mitatu au zaidi. Usizitupe kwa kuona hazioti mwezi wa kwanza. Kibwando nacho kina ganda gumu. Weka mbegu kwenye kitambaa, zichovye sekunde 10 katika maji yaliyotoka kuchemka, zipoze mara moja, kisha panda.

Namna ya kubadilishana

Hatuhitaji kuunda chama kipya. Vikoba tunavyo, na watu hukutana kila wiki. Ombeni nusu saa katika mkutano mmoja wa Februari, kabla ya masika, na mwingine wa Septemba, kabla ya vuli. Wekeni mkeka, kila mmoja aje na alichonacho. Kijiko cha chai cha mbegu za mchicha kina maelfu ya punje, kwa hiyo hakuna aliye maskini kiasi cha kukosa cha kugawa.

Asiye na mbegu asirudishwe. Achukue kwa mkopo: kikombe kimoja cha kunde leo, viwili baada ya mavuno, na kimoja kati ya hivyo viwili kiende kwa mtu mwingine asiye nazo. Katibu wa kikoba anajua kuandika mikopo ya fedha. Hii nayo aiandike kwenye daftari lake.

Kila pakiti iwe na karatasi yenye mambo matano: jina la mboga kama anavyoliita aliyekupa, mahali ilipotoka, mwezi na mwaka wa kuvuna, jina la mtunzaji, na tabia yake moja au mbili, kwa mfano "haitaki kivuli" au "huchelewa kuchanua". Usilibadilishe jina hata kama kwenu mnaita vingine, ongeza la kwenu pembeni. Na wazee waulizwe wanavyoipika. Mbegu ikifika kwa kijana asiyejua mapishi yake, ataipanda mara moja tu.

Wenzetu wamefanya hivi wakafika mbali. Gilgil nchini Kenya kuna mtandao wa wakulima, Seed Savers Network, ulioanza mwaka 2009. Wakulima wadogo 15 wa nchi hiyo walikwenda mahakamani mwaka 2022 kupinga vifungu vya sheria vilivyowazuia kugawana mbegu, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikawapa haki. Kule Brighton, Uingereza, wenye bustani ndogo za mjini wamekuwa na siku yao ya kubadilishana mbegu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Tahadhari tatu

Ya kwanza ni vipando. Mbegu ni salama kuliko kijiti. Kisamvu, na hata kisamvu mpira, huenea kwa vijiti, na vijiti hubeba magonjwa. Sisi wa Usambara hatuhitaji kuambiwa na mtu wa mbali: batobato la muhogo lilielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1894 katika nchi yetu hii, na ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa mwaka 1936 na watafiti waliokuwa Amani, kutokana na muhogo wa chini ya milima hii. Watafiti haohao walichanganya muhogo na mpira wakitafuta kinga. Chukua vijiti kwa jirani ambaye umeuona muhogo wake shambani ukiwa na majani safi, na mizizi umeipasua ukaona haina mabaka. Usipokee vijiti vilivyoletwa na gari usivyojua vilikotoka.

Ya pili ni mimea mipya kabisa. Bustani ya mimea ya Amani ilianza mwaka 1902, na mti mmoja ulioletwa huko kutoka upande wa Ziwa Victoria, Maesopsis eminii, uliingia msituni na kuenea mpaka ukawa tatizo kwa miti ya asili. Ukipewa mbegu ya mmea usioujua, upande kona moja msimu mzima na uutazame kabla ya kuugawa. Na mbegu zinazovuka mpaka wa Horohoro, hata zikitoka kwa shangazi wa Lungalunga, zipitie kwa wakaguzi wa mimea.

Ya tatu ni biashara. Kugawiana mbegu na jirani ni ujirani, kuziuza ni jambo jingine. Biashara ya mbegu inasimamiwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na msimamizi ni TOSCI, yenye makao makuu Morogoro. Kikundi kinachotaka kuuza kimwone afisa ugani kiulize juu ya mbegu za Daraja la Kuazimiwa Ubora, njia iliyowekwa kwa ajili ya wakulima wadogo. Afisa ugani huyohuyo anaweza kuwaunganisha na World Vegetable Center, ambayo imekuwa na kituo karibu na Arusha tangu mwaka 1992 na ina benki ya mbegu za mboga za Afrika. Mbegu adimu ikifika huko imepata hifadhi ya pili. Hifadhi ya kwanza ibaki kuwa bustani zetu, kwa maana mbegu ya benki haipikwi wala haizoei mvua za mwaka huu.

Basi, ndugu mwenye bustani, wiki hii fanya mambo mawili. Nenda kwa mzee mmoja unayemjua ana mbegu ya zamani, mwombe kijiko kimoja, na uandike jina lake. Kisha chukua mbegu moja yako iliyo bora, igawe mafungu matatu na uipeleke kwa watu watatu kabla masika hayajaanza. Usingoje mradi wala semina. Mboga za wazazi wetu zimefika hadi leo kwa sababu kila kizazi kilimpa jirani, na sasa zamu ni yetu.